Kipokezi kinasema 1,107, jiwe linasema 1,124: nani mkweli?

*Shikamoo mtaalamu. Nimepewa kazi ya kupima njia ya mfereji wa kumwagilia wenye urefu wa kilomita 6, na utashuka sentimita 30 tu kwa kila kilomita. Tumepata kipokezi kipya cha setilaiti cha RTK (kinachosahihishwa papo hapo): besi inayokaa mahali pamoja na rova ya kutembea nayo. Siku ya kwanza niliisimamisha rova juu ya alama ya mwinuko ya zamani, ile ya zege yenye kichwa cha shaba. Orodha ya alama inasema mwinuko wake ni mita 1,124.318. Rova ikanipa 1,107.902. Nilirudia mara nne, majibu yakapishana kwa sentimita 2 au 3 tu. Simu yangu inasema 1,121. Mwenzangu anasema kipokezi ni kibovu, kirudishwe. Mkuu wa kikosi anasema tusipoteze muda: tuongeze mita 16.416 kwenye kila nukta, kazi iendelee, levo, kile kifaa cha kupimia usawa, ibaki stoo. Mwisho wa njia ya mfereji kuna alama nyingine ya zamani ila hatujaifikia. Nani yuko sahihi?*

Marahaba. Kipokezi usikirudishe. Kifaa kibovu kwa kawaida hakikupi jibu lile lile mara nne kwa kupishana sentimita 2 au 3; mara nyingi kikiharibika hutangatanga. Na jiwe nalo halijakudanganya. Namba zote mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, kwa sababu kila moja imeanza kuhesabu kutoka sakafu yake. Mkuu wako amepata nusu ya jibu, na nusu hiyo nitaitetea. Nusu aliyoiacha ndiyo inayoweza kuyatuamisha maji katikati ya mfereji, kwa hiyo nakuomba unifuatilie taratibu.

Watu wengi hudhani setilaiti inatazama chini, inaiona bahari, kisha inahesabu wewe umesimama mita ngapi juu yake. Haifanyi hivyo. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu, na kazi yake ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi kinapima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, kinaugeuza kuwa umbali, na kwa umbali wa kutoka setilaiti kadhaa kinajua kiko wapi ukilinganisha na kitovu cha dunia. Ni jometri tupu. Bahari haimo, mvutano wa dunia haumo, maji yanaelekea wapi haimo.

Sasa, umbali kutoka kitovu cha dunia haumsaidii mpimaji shambani. Kwa hiyo wataalamu walichora umbo la hesabu linalokaribiana na dunia, mfano wa mpira uliokandamizwa kidogo juu na chini, wakaliita elipsoidi. Ile inayotumiwa na GPS ina nusu-kipenyo cha mita 6,378,137 kwenye ikweta, na kwenye ncha inapungua kwa kilomita 21 hivi. Ni laini kabisa, haina mlima wala bonde. Kipokezi chako kikisema 1,107.902, maana yake ni kwamba uko mita hizo juu ya umbo hilo la hesabu. Huo tunauita mwinuko wa elipsoidi.

Jiwe lilipata namba yake kwa njia nyingine kabisa. Waliolipima walianza pwani, kwenye kituo kilichokuwa kikisoma kupanda na kushuka kwa bahari, wakapata wastani wake, kisha wakapiga levo kuja bara, stafu (fimbo yenye namba za kusoma) mbele na stafu nyuma, hatua kwa hatua. Na levo inafanya kazi vipi? Unaituliza kwa kiputo. Kiputo kinatii mvutano wa dunia mahali pale uliposimama. Kila ulipopiga levo, uliiuliza dunia yenyewe: hapa "sawa" ni wapi? Ukiendelea kuuliza hivyo kutoka pwani hadi bara, unakuwa umeufuata uso ule ambao maji ya bahari yangeukalia kama yangeweza kupenya chini ya nchi kavu yakatulia. Uso huo ndio jeoidi. Carl Friedrich Gauss aliueleza mwaka 1828, na Johann Listing akaupa jina mwaka 1873.

Jeoidi si laini. Chini ya ardhi kuna mahali pana miamba mizito na mahali pana miamba myepesi, na mvutano hubadilika kwa kufuata uzito huo. Uso wa maji tulivu hupanda pale na kushuka hapa. Ukiulinganisha na elipsoidi, unashuka hadi mita 106 hivi chini yake kusini mwa India, na unapanda hadi mita 85 hivi juu yake karibu na New Guinea. Sehemu nyingine zote ziko kati ya hapo. Pengo hilo tunaliita kimo cha jeoidi na tunaliandika kwa herufi N. Kanuni yake ni fupi: mwinuko wa elipsoidi ni sawa na mwinuko juu ya usawa wa bahari jumlisha N.

Tuiweke kwenye jiwe lako. Kipokezi 1,107.902, jiwe 1,124.318. Toa la pili kutoka la kwanza: N ni hasi 16.416. Maana yake ni kwamba hapo ulipo uso wa jeoidi uko mita 16 na kidogo chini ya elipsoidi. Hakuna kilichoharibika. Umepima jeoidi bila kujua, na kama kimo cha antena yako kilikuwa sahihi, umeipima vizuri.

Simu nayo? Inaonekana kama imekaribia jiwe kuliko kipokezi cha thamani, na naona jinsi jambo hilo linavyoweza kumpa mwenzako hoja. Simu nyingi zina modeli ya jeoidi ya dunia nzima, yaani hesabu ya kukadiria N mahali popote, ndani ya programu yake, kwa hiyo zinakugeuzia namba kimyakimya kabla hujaiona. Kisha zinaongeza makosa yake zenyewe ya mita kadhaa. Yako imekosea mita 3 na zaidi, na ukisubiri dakika kumi itasema kingine. Imeanza kuhesabu kutoka sakafu sahihi kwa rula mbovu. Kipokezi chako kina rula nzuri na sakafu tofauti. Kati ya hao wawili, mimi nitafanya kazi na mwenye rula nzuri kila siku, kwa sababu sakafu tunaweza kuibadilisha kwa hesabu.

Wala usidhani ni tatizo la wanaoanza. Urefu wa mlima Everest uliotangazwa kwa pamoja na Nepal na China tarehe 8 Desemba 2020, mita 8,848.86, haukupatikana kwa kuweka kipokezi kileleni na kusoma namba. Ilibidi pia wapige levo, wapime nguvu ya mvutano na watengeneze jeoidi ya eneo lile, ili wajue usawa wa bahari ungepita wapi chini ya mlima. Hesabu yao ndiyo hiyo hiyo yako ya jiwe, ila kwenye baridi kali.

Sasa tuje kwa mkuu wa kikosi. Amesema ongezeni 16.416 kila mahali. Kama mngekuwa mnapima kiwanja cha nyumba moja, ningemwambia sawa, endeleeni. Ndani ya mita mia mbili N haibadiliki kiasi cha kumsumbua mtu. Lakini ninyi mna kilomita 6, na N hubadilika ukitembea. Kwenye tambarare inaweza kubadilika sentimita 1 au 2 kwa kilomita. Karibu na milima au bonde kubwa la ufa inaweza kufika sentimita 10 kwa kilomita, wakati mwingine zaidi.

Chukua kiasi cha kati, sentimita 4 kwa kilomita. Kwa kilomita 6 ni sentimita 24. Mfereji wako wote unashuka mita 1.80. Ikiwa N inazidi kuwa hasi kadiri unavyoelekea mwisho, tuseme kutoka hasi 16.416 hadi hasi 16.656, basi ukitumia 16.416 kila mahali mwisho wa mfereji utaandikwa sentimita 24 chini ya ulipo kweli. Kwenye karatasi utaona mteremko wa mita 1.80, ardhini utakuwa umechimba wa mita 1.56. Yaani sentimita 26 kwa kilomita badala ya 30. N ikielekea upande wa pili, utapata mita 2.04, maji yataenda kasi kuliko ilivyokusudiwa na yataanza kula kingo za udongo. Na mahali ambapo jeoidi inainama sentimita 10 kwa kilomita, theluthi moja ya mteremko wako inaweza kupotea hivi hivi bila mtu yeyote kukosea kusoma kifaa.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali na vijana ninaofanya nao kazi. Kosa la namna hii halionekani kwenye skrini. Kila nukta itakuja na alama ya kijani, usahihi wa sentimita 2, kila kitu kizuri. Maji tu ndiyo yatakayojua, na yatajua baada ya tingatinga kuondoka. Niliwahi kuitwa kwenye mtaro uliopimwa kwa kuongeza namba moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuta maji yamesimama, mabua yamejikusanya juu yake, na mkulima wa mwisho amekaa kwenye ukingo na jembe mapajani, akisubiri zamu ambayo isingefika. Vipimo vyote vilikuwa safi kwenye faili. Picha ile sijaisahau.

Lipo jambo la pili, na kwa mfereji wako ni kubwa kuliko hilo la jeoidi. RTK hukosea zaidi kwenye wima kuliko kwenye mlalo. Si uzembe wa watengenezaji. Ni jinsi tulivyokaa. Kwa mlalo una setilaiti mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, zinakuvuta pande zote na makosa yanafutana. Kwa wima unazo za juu tu. Chini ya miguu yako dunia yenyewe imezikinga. Ni kama kupima kina cha chumba huku umeruhusiwa kushika dari peke yake. Halafu hewa nayo inachangia: angahewa ya chini, ile yenye mvuke na mvua, inayachelewesha mawimbi kwa kiasi cha mita 2.3 na zaidi hata kwa setilaiti iliyo utosini. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo inakadiriwa vizuri kwa hesabu. Mabaki yake, hasa ya mvuke, huangukia kwenye mwinuko karibu yote. Ikiwa besi iko bondeni na rova iko juu ya kilima, hewa zao si moja, na sentimita kadhaa zinaweza kupenya hapo.

Kwa hiyo uhesabu hivi: kipokezi kizuri chenye besi ya karibu na anga wazi kitakupa mlalo wa sentimita 1 hadi 2 na wima wa sentimita 2 hadi 4. Wewe mwenyewe umeona, majibu yako manne yalipishana kwa sentimita 2 au 3. Sasa linganisha na mfereji. Sentimita 30 kwa kilomita ni sentimita 1.5 kwa kila mita 50. Ukipiga mambo, yaani vigingi vya alama, kila mita 50 kwa RTK, kupishana kwa kipokezi ni kukubwa kuliko mteremko wenyewe kati ya mambo na mambo. Kuna mambo zitakazokuambia maji yanapanda. Hakuna modeli ya jeoidi itakayokuponya hapo, kwa sababu huo si ugonjwa wa jeoidi.

Levo iliyoachwa stoo ndiyo dawa yake. Kati ya mambo mbili zilizo mita 50 mbali, levo ya kawaida iliyokaguliwa inakupa milimita 1 au 2. Kwa kazi za uhandisi wengi wetu tunatumia kipimo cha milimita 12 mara kipeuo cha pili cha kilomita: kwa kilomita 6 ni milimita 29 za kuruhusiwa kutofunga, yaani tofauti kati ya mlichopima na mwinuko ulioandikwa wa alama ya mwisho, kutoka mwanzo hadi mwisho. Timu makini hufunga kwa chini ya hapo. Kipokezi kinashinda kwa umbali mrefu, pale ambapo levo ingehitaji siku nyingi na kosa lake lingekuwa limekua njiani. Kwa umbali mfupi levo inashinda na itaendelea kushinda. Simwambii mkuu wako arudi zama za kale. Namwambia kila kifaa kina umbali wake.

Kabla sijafika kwenye mpango wa kazi, kuna makosa matatu ya mkono ambayo nataka uyakague leo hii, maana yanaweza kuwa yamejificha ndani ya hiyo 16.416.

La kwanza ni kimo cha antena. Kwenye rova angalia kwamba fimbo imefungwa kwenye tundu la mita 2.000 na kidaftari cha kifaa kimeandikwa 2.000, si 1.800. Angalia pia kama ncha ya fimbo imekaa juu ya kichwa cha shaba, si pembeni yake kwenye zege. Fimbo ikiinama kidogo haitakuumiza kwenye wima: kilele kikihama sentimita 5 kwa fimbo ya mita 2, mwinuko unakosea chini ya milimita 1, ingawa mlalo umeharibika sentimita 5 nzima. Kinachoumiza wima ni fimbo kuteleza kwenye kufuli lake au kuzama kwenye tope. Kwenye besi, kama unapima kwa futi ya kukunja kutoka kwenye jiwe hadi ukingo wa antena, umepima mshazari. Mshazari wa mita 1.600 kwa antena yenye nusu-kipenyo cha sentimita 17 ni wima wa mita 1.591. Ukiandika 1.600 kwenye kisanduku cha wima, umeshajipa milimita 9 za bure, na zitaingia kwenye kila nukta ya siku hiyo.

La pili ni jinsi besi ilivyoanzishwa. Kama uliiwasha ukabonyeza ijitafutie mahali ilipo yenyewe, inaweza kukosea mita moja, mbili, hata zaidi, na rova itaifuata kwa uaminifu wote. Nukta zitapatana zenyewe kwa zenyewe kwa sentimita 2, lakini kundi zima litakuwa limehama. Ukiizima besi na kuiwasha kesho kwa njia ile ile, kundi litahama tena, kwingine. Hapo 16.416 yako si N tu, ni N ikichanganyika na bahati ya asubuhi ile. Weka besi juu ya nukta uliyoijenga imara, ipe viwianishi vyake mara moja, na siku zote zinazofuata ingiza vile vile bila kubadilisha hata tarakimu.

La tatu limewagharimu hata wapimaji wazoefu: mtu anaandika mwinuko wa jiwe, 1,124.318, kwenye kisanduku cha mwinuko wa elipsoidi, huku modeli ya jeoidi imewashwa. Kifaa kinatii na kuongeza mita 16 juu yake tena. Alama ya kuongeza au kutoa ina nguvu ya kuangusha kazi kubwa. Mwaka 2003, wakati wa ujenzi wa daraja la Laufenburg kati ya Ujerumani na Uswisi, wahandisi walijua kabisa kwamba nchi hizo mbili zinahesabu mwinuko kutoka bahari tofauti na kwamba pengo lake ni sentimita 27. Walilisahihisha, ila kwa upande usio wake, na pengo likawa sentimita 54. Kwa hiyo andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako: "N hapa ni hasi, mwinuko wa jiwe ni mkubwa kuliko wa elipsoidi." Sentensi hiyo moja ikulinde.

Mfano huo unafundisha jambo jingine pia. Wastani wa bahari si mmoja duniani kote. Mikondo, joto na chumvi huufanya upishane kutoka pwani hadi pwani. Ndiyo maana modeli ya jeoidi ya dunia, kama EGM2008 inayopatikana bure, inaweza kutofautiana na orodha yako ya alama kwa desimita kadhaa, kwa sababu kila nchi ilianzia kituo chake cha bahari. Usiitumie peke yake kupata mwinuko kamili. Kinachoaminika zaidi ndani yake ni badiliko la N kutoka hapa hadi pale, na kwako hilo ndilo linalotakiwa.

Ningekuwa kwenye viatu vyako ningeanza na ile alama ya pili ambayo hamjaifikia. Iendeeni kabla ya nukta nyingine yoyote. Simamisha rova kwa miguu ya kuishikilia, si kwa mkono, soma kwa dakika tatu, ondoa, kizime, kiwashe kitafute setilaiti upya, soma tena. Kisha rudi baada ya saa 3 au 4. Usirudi kesho saa ile ile: setilaiti za GPS hurudi mahali pale pale angani baada ya saa 23 na dakika 56, kwa hiyo utakutana na mpangilio ule ule na makosa yale yale ya mawimbi yanayodunda kwenye paa au ukuta, nawe utadhani umethibitisha. Fanya vivyo hivyo kwenye alama ya kwanza. Ukipata muda wa saa moja au mbili za kurekodi mfululizo kwenye kila alama na kuchakata baadaye, ni bora zaidi kuliko RTK.

Tafuta pia alama ya tatu na ya nne, hata kama ziko pembeni ya mfereji, ziuzunguke pande tofauti. Programu yako ina sehemu ya kulinganisha eneo na alama zilizopo, na watu huipenda kwa sababu inaleta majibu mazuri upesi. Uwe macho. Ukiipa alama tatu, itapitisha bamba la hesabu lililoinama juu ya zote tatu bila kubakiza tofauti hata kidogo, hata kama moja iligongwa na trekta miaka kumi iliyopita. Alama ya nne ndiyo shahidi. Zikiwa zote kwenye mstari mmoja, bamba linaweza kuinama upande wa pili litakavyo. Na nje ya eneo lililozungukwa na alama, usiamini chochote kilichotoka humo. Njia ninayoipendelea ni kuwasha kwanza modeli ya jeoidi ili ichukue mikunjo, kisha kulinganisha na alama kwa kuhamisha juu au chini tu, bila kuinamisha, isipokuwa kama alama ni nyingi na zinakubaliana.

Baada ya hapo jenga nukta zako mpya, za zege, moja kila kilomita au karibu na hapo, nje kidogo ya njia ya tingatinga. Zipe mlalo kwa kipokezi, na mwinuko wa awali kwa kipokezi pia. Hizo zinatosha kuchora ramani, kuchagua njia na kukadiria udongo wa kuchimba. Sentimita 3 au 4 hazitabadilisha kitu hapo, na kipokezi kitakuokolea siku nyingi. Kisha toeni levo stoo. Pigeni kutoka alama ya kwanza, mpitie nukta zote, mfunge kwenye alama ya pili. Kwa kilomita 6 ni kazi ya siku mbili, tatu mkiwa waangalifu. Mwinuko wa sakafu ya mfereji, milango ya kugawia maji na kila mambo ya kuchimbia utoke kwenye levo hiyo. Mkuu akiuliza kwa nini, mwonyeshe ile hesabu ya sentimita 1.5 kwa mita 50 karibu na majibu yako manne. Sidhani kama atabisha.

Kuna mahali utahitaji mtu aje asimame nawe, na kumwita si aibu. Kama levo haifungi ndani ya milimita 29 na kipokezi nacho kinakubaliana na levo kwamba alama mbili hazipatani, moja imehama, na kuamua ni ipi si kazi ya kukisia. Nenda ofisi ya ramani na upimaji yenye dhamana ya alama hizo, uliza historia yake na uliza kama nchi ina modeli yake ya jeoidi, kwa sababu ya nchi karibu kila mara ni bora kuliko ya dunia. Kama mfereji unaungana na bwawa, daraja au bomba ambalo mwinuko wake ulipimwa na watu wengine, mpate mpimaji aliyesajiliwa athibitishe kwamba mnahesabu kutoka sakafu moja kabla mtu hajamwaga zege. Na kama hamjui aina ya antena ya besi au mahali ambapo watengenezaji wanapimia kimo chake, msianze. Mpigieni aliyewauzia awaonyeshe kwa mkono.

Kwa leo nenda kwenye alama ya pili, upate N yake, uitoe kwenye hasi 16.416. Kisha fungua EGM2008 uone inasema N inabadilika kiasi gani kati ya alama hizo mbili. Namba hizo mbili zikipishana kwa sentimita 3 au 4, alama zako zote ziko hai na kipokezi chako ni kizima, endelea. Zikipishana kwa desimita, usiguse mfereji. Kagua kwanza kimo cha fimbo, kisha besi, kisha chuchumaa utazame lile jiwe kwa karibu: zege limepasuka? limeinama? udongo unaolizunguka umechimbuliwa? Mara nyingi jibu liko pale chini, kwenye ufa wa upana wa kucha.